Tom Hopkinson: mhariri aliyetaka picha za karibu

Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 huko Sharpeville. Peter Magubane, mpigapicha wa jarida la Drum, alirudi ofisini Johannesburg na picha za mbali tu. Hakuwahi kuona maiti wengi kiasi kile, na mshtuko ulimzidi. Mhariri wake, Mwingereza Tom Hopkinson, akataka kujua: za karibu ziko wapi? Magubane alisimulia baadaye kwamba tangu hapo aliamua kumaliza kazi kwanza, uchungu ufuate.

Wapo wanaoliona swali lile kuwa la kikatili, na hoja yao ina uzito. Mzungu yuko ofisini, anamtaka kijana Mweusi anayelazimishwa na sheria za ubaguzi kutembea na pasi (kitambulisho cha Weusi) ainamie miili ya watu wake na kamera.

Lakini polisi walidai kwamba wao ndio walioshambuliwa. Ian Berry, mpigapicha mwingine wa Drum, alikuwa pale risasi zilipoanza. Picha zake zinaonyesha watu wakitimua mbio, wanawake na watoto wakiwemo. Dai la polisi lingejibiwa na nini kama wote wangebaki mbali?

Tena Hopkinson hakuwa mtu wa kuwatuma wengine tu. Mwaka 1950, akiwa mhariri wa jarida la Picture Post jijini London, aliandaa ripoti ya mwandishi James Cameron na picha za Bert Hardy kuhusu wafungwa wa kisiasa wanaoteswa na serikali ya Korea Kusini, ambayo Uingereza ilikuwa ikiipigania. Mmiliki, Edward Hulton, akaamuru isichapishwe. Hopkinson hakukubali, akafukuzwa. Jarida lenyewe lilikufa mwaka 1957. (Wapenzi wa picha husahau hili: mhariri huchagua, mwenye mali huamua.)

Kwa hiyo mimi naegemea upande wake, ingawa si kwa raha. Nisichoweza kukipuuza ni bei. Baada ya Drum Hopkinson alikuja Nairobi mwaka 1963 kuongoza mafunzo ya waandishi wa habari, na mwaka 1967 akatunukiwa cheo cha Sir. Magubane alishika ule msimamo wa kusogea karibu. Mwaka 1969 alikamatwa, akafungiwa peke yake kwa siku 586, kisha akapigwa marufuku kufanya kazi yake kwa miaka mitano.