Sikuandika Wosia, Nilitaja Baiskeli Tu

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwatangazia watu wa Isevya na Ng'ambo yote hapa Tabora kwamba jana niliaga dunia kwa muda mfupi kisha nikafufuka mbele ya mkwe, naona ni haki yangu kukisimulia kisa hiki mwenyewe, kabla hakijafika Urambo kikiwa na jeneza ndani yake.

Yote yalianza na tumbo langu, lililokuwa likinisumbua. Choo kilipimwa, wakaonekana ameba, vile vimelea vya tumboni, nikapewa vidonge vya metronidazoli. Muuguzi alinieleza nimeze baada ya kula na nisiguse pombe, kisha akaendelea na maelezo mengine ambayo mvua iliyokuwa ikipiga bati iliyafunika yote, nami nikawa ninaitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa.

Aliyewahi kumeza vidonge hivyo anafahamu kwamba huacha mdomoni ladha ya chuma, kana kwamba umelala ukinyonya sarafu. Wali ulikuwa chuma, karanga zilikuwa chuma, na hata asali yetu ya Tabora, ambayo huwa ninajivunia mbele ya wageni, ilikuwa chuma kitamu. Ndiyo maana, nilipowakuta watoto karibu na stesheni ya reli wakiuza zambarau kwa kopo, nilinunua, nikazifuta kwa upindo wa shati, nikazila zote nikiwa njiani. (Ninyi mnaoshika vichwa kwa sababu ya upindo wa shati, tafadhali msinitangulie.)

Jioni niliingia chooni na tochi ya simu. Mkojo ulitoka mwekundu unaoelekea kahawia. Nilizima tochi, nikaiwasha tena kwa matumaini kwamba kasoro ni ya simu, lakini rangi ilikuwa ile ile. Nikakimbilia kioo, nikafungua mdomo: ulimi ulikuwa umeiva zambarau hadi kukaribia weusi, na fizi zilikuwa zimeufuata. Wakati huo huo ukakasi ulikuwa umeukausha ulimi hata ukawa mzito, kwa hiyo nilipompigia simu rafiki yangu, maneno yalitoka yakiburuta miguu. Kuhusu baiskeli, ni kweli nilisema apewe mdogo wangu. Wosia sikuandika, kwa sababu kalamu haikuonekana.

Bodaboda ilitufikisha kwenye zahanati, na hapo kwenye benchi, katikati ya akina mama waliobeba watoto wenye homa, alikuwa ameketi mzee yule yule aliyepokea barua yangu ya posa mwezi uliopita.

Nikainama. "Shikamoo, baba."

Alinitazama mdomo kwa muda mrefu kuliko salamu yoyote inavyostahili. "Marahaba," akasema, kisha akasogea kidogo kwenye benchi, lakini si ili kunipa nafasi.

Chumba cha tabibu kilitenganishwa na benchi kwa pazia tu, na tabibu mwenyewe alijaliwa sauti ya kuhutubia uwanjani.

"Mkojo una rangi gani?"

Kabla sijajibu, rafiki yangu alijibu kwa niaba yangu: "Damu, daktari! Damu tupu!"

Nje ya pazia nilisikia mzee akikohoa. Nilikijua kikohozi hicho. Hakikuwa cha ugonjwa.

"Toa ulimi."

Nikautoa. Tabibu akausogelea, akaurudia kwa tochi, akakaa kimya. Nikafumba macho na kuanza kusali. Ndipo akauliza, kwa sauti ile ile ya uwanjani: "Kijana, umekula zambarau?"

Benchi lote lilicheka, na mtoto mmoja aliyekuwa akilia aliacha kulia ili asikilize vizuri. Tabibu alinieleza kwamba metronidazoli yenyewe inaweza kuugeuza mkojo uwe na rangi hiyo na hakuna madhara, kwamba ladha ya chuma itaondoka dozi ikiisha, na kwamba embe, ndizi na hata zambarau haziipunguzii dawa hii nguvu. Maziwa ndiyo yanayozuia dawa nyingine, kama doksisaiklini, zisifyonzwe vizuri. Pombe ya asali, alisema huku akimwangalia rafiki yangu, isiguswe hadi zipite angalau saa 48 baada ya kidonge cha mwisho.

Nilikuwa nimekwisha kusimama niondoke kwa heshima iliyobaki, akaniita.

"Hizo zambarau uliziosha?"

Sikujibu. Upindo wa shati langu, uliokuwa na madoa ya zambarau mbele ya macho ya wote, ulijibu. Akaeleza, nadhani hata wapita njia walisikia, kwamba vimelea vya ameba husafiri na kinyesi kupitia maji machafu na matunda yasiyooshwa, kwa hiyo kuna watu ambao asubuhi humeza dawa ya kuwafukuza ameba, na mchana huwaalika ndugu zao wachukue vyumba vilivyoachwa wazi.

Yaliyofuata ni mafupi: niliambiwa niimalize dozi, nilioshe tunda lolote kwa maji safi kabla ya kulila, niende nyumbani. Nauli ya bodaboda nililipa mimi, kwenda na kurudi. Leo asubuhi mshenga amepita. Anasema mahari haijabadilika, ila mama wa binti ameomba aulize, kwa heshima zote, kama hali hiyo ipo katika ukoo.