Shangazi Hakuwa na Malaria

Shangazi alianza kuweweseka Jumapili usiku, akimwita mama yake aliyefariki zamani. Mwili haukuwa wa moto, viganja vilikuwa baridi. Mmoja wetu akasema ni uzee, mwingine akasema malaria imempanda kichwani. Tukanunua dawa mseto bila hata kupima. Hakuna aliyefunua mguu, ambako kidonda kidogo kama kunde kilikuwa kimeanza kutunga usaha. Ana kisukari, na wote tulijua.

Ilikuwa sepsisi. Wengi huiita sumu kwenye damu, lakini jina hilo halitoshi. Mwili wenyewe, katika kupambana na maambukizi, huvuka mpaka na kuanza kuumiza figo, mapafu na ubongo wake. Makadirio ya mwaka 2017 yalifikia vifo milioni 11 duniani, karibu kimoja katika kila vifo vitano. Ndiyo maana inaniuma tunapomsubiri mgonjwa achemke ndipo tumkimbize. Anayehema harakaharaka, ambaye hajapata mkojo tangu asubuhi, anayeongea yasiyoeleweka, aondoke nyumbani saa ileile, hata kama paji la uso ni baridi.

Hospitali tuligombana na muuguzi kuhusu dripu. Tulitaka atundikiwe mbili kwa mpigo, maana kwetu dripu ndiyo tiba. Alikuwa sahihi kukataa. Utafiti uliochapishwa 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kuwa waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa wengi zaidi kuliko wasiomiminiwa. Maji hutolewa kwa kipimo, mgonjwa akiangaliwa.

Shangazi alichukuliwa damu ya kuotesha maabara ili vijidudu vijulikane, akachomwa antibiotiki ya mshipa papo hapo, kisha akaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari alitueleza kwamba dawa haifiki vizuri penye nyama iliyooza. Usaha ukatolewa, vidole viwili vikakatwa. Kwa mwingine chanzo kingekuwa nimonia, kipande cha kondo kilichobaki baada ya kujifungua, au jiwe lililoziba njia ya mkojo. Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, uliza: maambukizi yameanzia wapi, na hapo panafanyiwa nini?

Siku hizi, kila jioni, mjukuu wake humkagua nyayo kwa tochi ya simu, hadi katikati ya vidole vilivyobaki.