Sushi ni tonge, ishike tu kwa mkono

Jamani leo naomba niongelee hizi adabu za kula sushi, vile vipande vya Kijapani vya wali na samaki, maana kila nikishika simu nakutana na video ya mtu anafundisha "makosa ya kula sushi", halafu ukisoma komenti unaona watu wetu wanaogopa hata kuingia mgahawa wa Kijapani, mtu anasema bora nikale zangu chipsi mayai kuliko kwenda kuchekwa na hela yangu. Inaniuma kwa sababu mimi naishi Osaka, Japani, mwaka wa sita huu, na nyingi ya hizo sheria huku kwenyewe sioni watu wanazishikia bango hivyo, na zile chache zenye uzito hakuna anayeeleza zimetokea wapi.

Shoga yangu alikuja kunitembelea kutoka Dar mwezi wa nne, nikampeleka kwa mzee mmoja ana kaunta ya viti 8 tu, anafinyanga mwenyewe mbele yako. Mzee katuwekea kipande cha kwanza, jodari mwekundu juu ya wali, ameshampaka soyasosi kwa brashi tayari. Shoga yangu akashika vijiti, akabana, wali ukapasuka katikati, nusu ikadondoka kaunta, samaki akabaki ananing'inia kwenye kijiti. Nikamwona macho yamejaa machozi. Akaninong'oneza, "Shoga, wote wameniona." Yule mzee wala hakucheka, akapangusa pale mezani taratibu, akafinyanga kingine, akaweka, akasema te de ii desu yo, yaani kwa mkono ni sawa tu. Akamwonyesha kwa vidole vyake, gumba na vidole viwili, unakilaza kidogo ubavu, unainua, mdomoni mara moja. Shoga yangu akala, akanigeukia, "Kumbe ni tonge!"

Ndiyo, ni tonge! Hii sushi ya samaki juu ya wali inaitwa nigiri, na jina limetoka kwenye kitenzi nigiru, kufumbata kwa kiganja. Ilishika kasi Edo, ndiyo Tokyo ya leo, kwenye miaka ya 1820 hivi, anayetajwa sana ni Hanaya Yohei, na kilikuwa chakula cha barabarani kabisa, mtu ana kibanda chake, wewe unasimama hapo, unachukua kwa mkono, unakula, unaendelea na shughuli zako. Sasa mtu akikwambia kula sushi kwa mkono ni ushamba, huyo sushi haijui.

Na mkono una faida yake. Mpishi anabana wali kwa kiasi, anataka ushikane mpaka ufike mdomoni halafu uachane wenyewe, ndo maana vijiti vikiubana vibaya unapasuka. Ndo maana pia wanasema chovya upande wa samaki, usichovye wali, na hapa nakubaliana nao moja kwa moja, wali unanyonya soyasosi yote, unalegea, unabaki unakula chumvi tupu, na kama umekulia kwenye wali na mchuzi hili huhitaji kufundishwa.

Ila kama kuna sheria moja ningeomba mtu aishike, ni kula kikishawekwa. Wali wa sushi nzuri unatolewa una joto kama la mwili, samaki ana ubaridi wake, na hiyo tofauti haikai. Zile zilizozungushiwa mwani ndo kabisa, mwani wenyewe (si ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani, huu ni aina nyingine, unakaushwa unakuwa kama karatasi) unatakiwa ukatike mdomoni kwa mlio, ukiuacha dakika chache unavuta unyevu wa wali unakuwa kama mpira. Nimeona mtu anapiga picha kipande kimoja, anageuza sahani, anapiga tena, anatafuta mwanga, na mpishi amesimama pale anaangalia kazi yake inakufa. Piga moja, kula.

Halafu kuna la vijiti, hapa silegezi hata kidogo. Usimpe mwenzio chakula kijiti kwa kijiti, na usisimamishe vijiti kwenye bakuli la wali. Wajapani wengi wakifa wanachomwa, na baada ya hapo ndugu wanakusanyika kuokota mifupa kwa vijiti, wawili wawili, au mmoja anampokeza mwenzake, wanaanzia mifupa ya miguu wanamalizia ya kichwa ili marehemu akae wima ndani ya chungu. Na wali uliosimamishiwa vijiti ni wali anaowekewa maiti. Kwa hiyo ukimpokeza mtu samaki kwa vijiti mbele ya mama aliyemzika mumewe mwaka jana, unamrudisha kule kule, ni kama kuingia kwenye harusi umejitanda sanda. Hapo mtu anaumia kweli.

Na marashi. Sisi watu wa udi na pafyumu hili tulisikie, kaunta ya watu 8 ni ndogo, harufu ya siki ya wali na ya samaki ni nyepesi mno, ukiingia umejifukiza, wote mnakula udi. Siku hiyo acha tu.

Zilizobaki kiukweli sizipi uzito. Kuchanganya wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, kwenye soyasosi, sawa, kwa mpishi wa kaunta haina haja kwa sababu wasabi ameshaiweka kati ya samaki na wali, kama huitaki unamwambia sabi nuki, yaani bila wasabi, mapema. Ila kwenye kaiten, zile za sahani kuzunguka kwenye mkanda, ambazo zilianzia hapa hapa Higashi-Osaka mwaka 1958 na bwana Shiraishi Yoshiaki, naona Wajapani wenyewe wanachanganya na maisha yanaendelea, watoto wanakula sushi za mahindi na mayonezi. Kilichowaudhi Wajapani kweli kweli kwenye kaiten ni ile video ya 2023 ya kijana aliyelamba mdomo wa chupa ya soyasosi ya wateja wote akarudisha mezani, na hapo nani asiyeelewa? Tangawizi nayo ni ya kusafisha mdomo kati ya samaki na samaki, ukiiweka juu unamfunika samaki uliyemlipia, basi, ni hasara yako tu. Na kile kimtindo cha kuita soyasosi murasaki na chai agari ili uonekane mjuzi, achana nacho, hayo ni maneno ya wapishi kati yao, sema shoyu, sema ocha, utaeleweka.

Shoga yangu usiku ule alikula vipande 12, vyote kwa mkono, anajifuta vidole kwenye kitambaa cha maji, anangoja kingine. Mwishoni mzee akamuuliza kupitia mimi, kwenu mnakula nini kwa mkono? Akamweleza ugali, na maneno yalivyomwishia akaonyesha kwa vitendo, anakata, anaviringisha kiganjani, anabonyeza gumba katikati pawe na shimo la mboga. Mzee akaweka kisu chini. Akachukua wali kidogo akajaribu, akabonyeza gumba, akauinua amuonyeshe, na shoga yangu akainuka kwenye kiti akamshika mkono kumrekebisha, "Hapana baba, zungusha kwanza."