Sauti anazisikia kweli, hazui

Habari hii ya kupiga picha ubongo wa watu wenye skizofrenia, maradhi ya akili yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, nimeisoma mpaka mwisho, na nyie mnaosema hapo juu ati wanajifanyisha, nakuombeni mnisikilize. Ami yangu kule Wete alikuwa akikaa kizingitini magharibi ikiingia, anainamisha kichwa upande kama mtu anayeitwa na jirani, kisha anaitikia "naam", na sie watoto tunacheka, Mungu atusamehe. Kanyweshwa makombe, kafukizwa, hata kufungwa kamba kafungwa.

Kumbe tangu 1993 wataalamu wa London walishaona kuwa sauti zikija damu inazidi kwenda sehemu ya Broca, ile ile tunayotengenezea maneno, halafu 1999 wengine wakawatia wagonjwa kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha ndani ya mwili, wakawaambia bonyeza kitufe sauti ikianza, achia ikikata, na sehemu ya ubongo inayopokea sauti za masikioni ikawa inafanya kazi wakati ule ule na hakuna mtu aliyewasemesha. Yaani kwa ami ile ilikuwa sauti hasa!

Ila mngeeleza pia kuwa picha peke yake haitoshi kumwambia mtu una skizofrenia, daktari bado lazima akae amsikilize, maana naona mama mmoja hapa kashauliza mashine iko wapi ampeleke mwanawe. Mama, usingoje picha, mpeleke Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili hapa Unguja, kesho asubuhi, na usiku huu akikwambia kaitwa muulize taratibu hizo sauti zinamwambia nini.