Mvivu gani huyo anayeamka saa kumi alfajiri?

Juzi asubuhi nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, foleni ya Buguruni kama mnavyoijua, dereva kafungulia redio mpaka viti vinatetemeka. Mgeni wa kipindi, mheshimiwa mmoja ambaye sitamtaja, alikuwa anawapa vijana vidonge vyao. Vijana wa siku hizi wavivu. Hawataki kutoka jasho, wanataka walale maskini waamke matajiri. Kutwa kucha kubeti. Mtangazaji anaitikia, "Kweli kabisa, mheshimiwa." Mama mmoja mbele yangu akawa anatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mtangazaji akaomba tuende mapumziko mafupi. Tangazo la kwanza: kampuni ya kubeti. Makofi, ving'ora, na sauti nzito inamwambia kijana yuleyule aliyetoka kutukanwa kwamba leo ni zamu yake, aweke mia tano tu. Halafu mwishoni kile kisauti kinachokwenda mbio kama kinafukuzwa na mbwa: vigezonamashartikuzingatiwa. Tukarudi studio, mheshimiwa akaendelea na uvivu pale alipoishia.

Aliyecheka ni konda peke yake. Nilitamani kumlipa nauli mara mbili.

Sasa mimi kamari siitetei, na mtaona. Ila hili neno "mvivu" limenikaa kooni tangu siku ile, kwa sababu mtu ninayemjua mimi anayebeti kuliko wote mtaani kwetu anaamka saa kumi alfajiri. Nitamwita Side. Ana bodaboda ya mkataba. Kabla ya adhana ameshawapeleka akina mama wawili sokoni Buguruni kuchukua nyanya, na tenga moja liko mbele yake juu ya tangi, kalikumbatia kama mtoto. Anarudi kulala saa nne usiku. Hesabu ya bosi ni elfu kumi kila siku, mvua inyeshe, pikipiki ipasuke tairi, mtoto augue, hesabu ni hesabu. Akitoa mafuta, akitoa chakula, akiacha ya nyumbani, anabaki na elfu mbili, siku nzuri elfu tatu. Huyo ndiye mvivu wetu.

Na hiyo elfu mbili aifanyie nini? Najua mtaniambia kibubu. Haya. Elfu moja kila siku ni 365,000 kwa mwaka, kama hakutatokea msiba, ada, wala homa, yaani kama ataishi mwaka mzima bila kuwa na ndugu. Pesa ndogo haikai, jamani, inaonwa na kila shida inayopita. Kiwanja cha Chanika kinatajwa kwa mamilioni, benki itamuuliza dhamana, bosi wa pikipiki atamuuliza hesabu. Mtaani kote hakuna kitu kingine kinachomwambia Side kwamba elfu moja yake inaweza kuwa laki sita kufikia Jumamosi usiku. Mkeka, yaani tiketi moja ya kubeti mechi nyingi kwa pamoja, unamwambia hivyo, na unamwambia kwa heshima, bila kumuuliza elimu yake. Mkishaelewa hapo mmeelewa kwa nini mahubiri ya redioni hayamwingii.

Tatizo ni kwamba mkeka wenyewe ndio unaomla kuliko kitu chochote, na hili ndilo nililotaka kulisema leo. Mengine yote ni kiporo.

Chukua mechi ambayo nafasi ni nusu kwa nusu, mfano mabao yazidi mawili au yasizidi. Haki ya mungu, odds zake, ile namba wanayozidishia pesa yako ukipata, zingekuwa 2.00. Kampuni inakupa 1.90. Mimi naweka elfu moja huku, wewe elfu moja kule, kampuni imekusanya elfu mbili, inamlipa mmoja wetu 1,900, inabaki na mia. Mia kwenye elfu mbili! Dalali wa chumba cha Tandika anakula zaidi ya hapo. Mtu akicheza mechi mojamoja hivyo, kampuni inamng'ata kidogokidogo kama mbu.

Lakini nani mtaani kwetu anacheza mechi moja? Ukicheza mechi moja unachekwa. Tunasuka mkeka, mechi kumi, ili odds zizidishane. Haya, tuzizidishe. Kumi za 1.90 zinakupa 613. Unaona shilingi 613,000 kwa elfu yako, unameza mate. Ila nafasi ya zote kumi kutiki ni moja katika 1,024. Kwa hiyo wakija watu 1,024, kila mmoja na elfu yake na mkeka wake tofauti, meza ina shilingi 1,024,000, mmoja anaondoka na 613,000, na kampuni inabaki na 411,000. Ile asilimia tano ya mbu imekuwa asilimia arobaini. Hawakukuibia, hawakupanga matokeo, wala hakuna mganga. Ni wewe mwenyewe uliyezidisha: kila mechi uliyoongeza kwenye mkeka ilikuza ndoto yako, na ilikuza mgawo wao pia.

Kuna kubaya zaidi. Katika wale 1,024, aliyepata ni mmoja. Waliochaniwa na mechi moja tu ni kumi. Hiyo ni hesabu ya kidato cha nne, ichukueni karatasi mhakikishe. Yaani kwa kila mshindi mnayemwona kwenye bango kashika hundi kubwa kama mlango, kuna watu kumi wanaozunguka vijiweni wakisema "moja tu, kaka, moja tu imenichania." Hao kumi wanaamini walikaribia. Wanaonyesha simu, wanamtukana kipa, kijiwe kizima kinawapa pole, na kila anayewasikia anaamini kwamba kupata ni suala la kujirekebisha kidogo. Kampuni haiwalipi senti kwa matangazo hayo. Na kwenye vitabu vya kampuni, aliyekosa moja na aliyekosa kumi wote wameandikwa sifuri.

Nimemwona Side katika hali hiyo. Kibanda umiza, mechi ya mwisho ya mkeka wake, timu moja ya Ureno inaongoza nyumbani, zimebaki dakika chache. Hakuwa anashangilia. Alikuwa kashika helmeti kwa mikono miwili, anasugua kioo chake kwa kidole gumba, kulekule, kulekule, kama anafuta doa. Bao la kusawazisha lilipoingia hakusema kitu. Alivaa helmeti humohumo ndani, akafunga kamba kidevuni, akakaa nayo mpaka filimbi ya mwisho. Kesho yake nilisikia hesabu ya bosi ya siku ile ilikuwa imo kwenye mkeka.

Mtasema nayajuaje mambo ya odds na mimi ni mtu mzima mwenye familia. Nayajua kwa sababu mwaka 2020, dunia nzima imefunga viwanja, mimi nilikuwa nabeti ligi ya Belarus. Msicheke. Belarus peke yake Ulaya nzima walikuwa wanacheza kana kwamba hakuna corona, na mimi nikawa nawajadili Slutsk na BATE Borisov kama nimezaliwa nao Kigamboni. Wiki ya kwanza nilipata elfu themanini na sita. Hiyo elfu themanini na sita ndiyo iliyoniponza. Miezi kadhaa baadaye niliomba taarifa ya miamala ya simu kwa ajili ya jambo jingine kabisa, nikakaa nayo mezani na kalamu nyekundu. Sitawaambia jumla. Mke wangu anasoma humu.

Hivyo raha yake naijua. Mechi isiyokuhusu inakuwa yako. Kuna kijana kijiweni kwetu anamjua kipa wa akiba wa Bodø/Glimt ila mwenyekiti wake wa mtaa hamjui kwa sura.

Baba yangu naye alikuwa na udhaifu wake, alinunua tiketi za Bahati Nasibu ya Taifa. Ila alinunua moja, akaikunja kwenye pochi, akasubiri droo, na katikati ya kusubiri akaenda kazini, akala, akalala, hasira za kukosa zikapoa. Side akikosa saa tatu, saa tatu na dakika moja ameshacheza kile kindege, kamari ya papo hapo ya kwenye simu. Pesa iko kwenye simu na kamari iko kwenye simu. Zamani kulikuwa na mwendo wa miguu kati ya hivyo viwili, na mwendo ule ulikuwa unawaokoa watu wengi kuliko mahubiri.

Hata neno tumelibadilisha. Kamari ilikuwa inanuka karata tatu za stendi. Sasa tunasema kubashiri, utadhani ni kazi ya mamlaka ya hali ya hewa.

Haya, niwape na wao haki yao, ingawa kwa shingo upande. Kodi wanalipa. Vijana wa kwenye vibanda wana ajira. Mwaka 2017 Simba na Yanga zilianza kuvaa kampuni ya kubeti kifuani, pesa ya mdhamini ikaingia, na tarehe 13 Julai mwaka huohuo nilikuwepo Taifa, Rooney wa Everton alipoipiga ile ya mbali dhidi ya Gor Mahia, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Timu zote mbili zilikuwa na mdhamini mmoja, kampuni ya kubeti. Hata Al-Baqara aya ya 219 inakubali kwamba kamari ina manufaa kwa watu. Halafu inamalizia kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, lakini hapo wahusika huwa wameshafunga msahafu.

Kupiga marufuku? Uganda Januari 2019 walitangaza hakuna leseni mpya za kubeti, na waziri aliyetangaza, nawaapia, jina lake ni Bahati. Kenya mwaka huohuo wakazifungia kampuni kubwa, klabu zikabaki bila mdhamini, baadaye milango ikafunguliwa tena. Wanabeti mpaka leo kote kuwili. Mimi siombi marufuku. Ninaomba tangazo lisirushwe redioni saa moja asubuhi watoto wakiwa kwenye daladala wanakwenda shule. Ninaomba mashine za dubwi, zile za kamari ya sarafu, ziondoke kwenye baraza za maduka ambako mtoto aliyetumwa chumvi anazilisha chenji ya mia mbilimbili, wakati sheria inasema miaka 18. Waingereza, ambao ndio tunabetia mpira wao, klabu zao zilikubaliana Aprili 2023 kuzitoa kampuni hizi kifuani mwa jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Wao wanavua, sisi tunavaa.

Jioni ya siku ile ya redio nilipanda pikipiki ya Side. Tulipofika nikamwambia azime kwanza. Nikachukua risiti ya mafuta iliyokuwa mfukoni mwake, nikaigeuza, nikamwandikia hesabu yote nyuma: 1.90 mara kumi, 613, 1,024, laki nne na elfu kumi na moja. Nikamwonyesha na wale kumi wa "moja tu". Aliifuatilia kwa kidole mstari kwa mstari, akarudia kuzidisha kwa simu yake, akakuta ni kweli. Akanyamaza muda mrefu.

"Kwa hiyo kaka," akaniuliza, "mechi mbili tatu ndiyo afadhali?"