Ukifika Amu, Mwambie Nahodha Atweke Tanga

Siku hizi mgeni anaweza kuimaliza Lamu bila kuiona. Ndege inatua kisiwa cha Manda, spidiboti inamngoja gatini, dakika chache baadaye yuko kijiji cha Shela kando ya bwawa la kuogelea. Jioni anapiga picha na punda. Kesho yake anazungushwa mji mkongwe kwa saa moja: ngome, makumbusho, duka la vinyago, basi. Anarudi alikotoka akisifu kwamba Lamu ni pazuri. Pazuri kweli, hilo halina ubishi, na tangu 2001 UNESCO imeuweka mji ule katika orodha ya urithi wa dunia. Ila mimi nashikilia kwamba kazi kubwa ya sanaa ya Waamu, watu wa Lamu, ni chombo cha baharini, na chombo hakijulikani mpaka ukipande, tena kikiwa na upepo tangani. Kutazama mashua iliyofungwa gatini ni kama kunusa biriani ya jirani.

Milango ya kuchonga naipenda kama kila mtu. Ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji mkongwe, utasikia patasi zikigonga mbao za mbambakofi, na mafundi hawakatai mtu kusimama akatazama. Ndani ya nyumba za kale kuna zidaka (vishubaka vya ukutani) za chokaa zilizonakshiwa kwa mikono, na vibarazani utawaona wanaume wakishona kofia za vito, zile za kudarizi, huku wakipiga soga. Hayo yote yameshaandikwa sana, na wapiga picha hawayakosi. Matondoni ndiko wageni wasikofika.

Kijiji hicho kiko upande wa pili wa kisiwa. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili hivi kama huna haraka, kwa hiyo toka alfajiri, la sivyo jua na mchanga vitakukomesha. Pale ufukweni mafundi wanaunda na kukarabati mashua bila mchoro wowote wa karatasini. Fundi anaulaza mkuku, ule uti wa chini wa mashua, anasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, anapima kwa jicho, anagonga ubao, anarudi nyuma hatua kadhaa, anatazama tena. Nafasi kati ya mbao zinazibwa kwa pamba iliyolowa mafuta, kazi ya kalafati inayotaka subira kuliko nguvu. Ufundi huohuo ndio uliozaa Flipflopi, jahazi la plastiki na ndara zilizookotwa fukweni, alilolisimamia fundi Ali Skanda na kushushwa majini Lamu mwaka 2018. Mwaka uliofuata likasafiri mpaka Unguja. Malighafi ilikuwa taka, lakini umbo lilikuwa lilelile la mababu, na ndiyo maana lilikwenda.

Sasa panda. Safari ninayoipendekeza ni ya Takwa, magofu ya mji wa Waswahili kisiwani Manda uliohamwa karne ya 17. Kuna msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kuna kaburi la nguzo, na watu wa Shela bado huenda pale kuzuru na kuomba mvua. Mwisho wa safari unapita kwenye mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na mkondo huo hauingiliki maji yakiwa yamekupwa. Kwa hiyo mwenye kupanga ratiba ni bahari. Mgeni wa spidiboti huona hilo ni kero. Kwangu ndiyo raha yenyewe, maana ukishakubali kungoja maji yajae, unapata nafasi ya kumwona nahodha akifanya kazi. Upepo ukiwa wa mbele anapiga bisho, huku na huku, foromali, mti unaobeba tanga, inahamishwa upande mwingine wa mlingoti, na baharia mmoja anatambaa mpaka ncha ya mrengu, ubao unaotokeza nje ya mashua, na kukaa juu ya maji ili uzito wake uizuie mashua isilale. Kwenye mashindano ya mashua utawaona wamejipanga juu ya ubao huo, wamelowa chepe, na mji mzima uko ukingoni unapiga vigelegele. Nionyeshe jumba la sanaa lenye watazamaji wakali kama wale.

Injini si adui. Mama mjamzito anayevushwa usiku kutoka kisiwa cha Pate kwenda hospitali hawezi kungoja kusi, upepo wa kusini, litulie, na mvuvi naye ana watoto wa kulisha. Lakini mgeni ana nini cha kukimbilia? Amelipa nauli nzuri kuja mahali pasipo foleni za magari, kisha anataka afike kila mahali kwa kasi ya barabara ya Mombasa. Pesa ya safari ya spidiboti inaishia kwenye petroli. Ya safari ya tanga inamfikia nahodha, baharia wake, mshona tanga na fundi wa Matondoni, ambaye mwanawe hatajifunza kazi hiyo kama hakuna anayeagiza mashua.

Na Shela? Nendeni, ufuo wake wa kilomita 12 hivi unatosha wote, na kutembea pale kabla jua halijapanda kunazidi mazoezi yoyote ya ukumbini. Mkumbuke tu kwamba yale matuta ya mchanga ndiyo yanayohifadhi maji ya mvua yanayolisha visima vya mji. Kila nyumba ya kifahari inayopanda juu ya matuta inagusa maji ya kunywa ya watu ambao hawataalikwa kamwe kuogelea kwenye bwawa lake. Mimi nisingelala kwenye nyumba kama hiyo hata kwa bure.

Wakati mzuri wa matanga ni kaskazi, upepo wa kaskazini, Desemba mpaka Machi. Kusi likivuma bahari ya nje huchafuka, ingawa mlangoni kati ya Lamu na Manda bado kunapitika. Bei ikubaliwe kabla ya kung'oa nanga, na uulize kama samaki wa kuchoma yumo ndani ya bei au mtamvua wenyewe. Mimi hupendelea kuvua, japo kuna siku tumekula wali wa nazi kwa ndimu na pilipili tu.