London imeshuka, London imepanda

Mimi nasuka mota hapa Tunduma, mpakani na Zambia. Kibanda changu kiko hatua 10 tu kutoka barabara ya malori, kwa hiyo nikisema shaba naijua, niaminini: vumbi lake ndiyo chai yangu ya asubuhi.

Juzi mama mmoja wa mashine ya kusaga kaniletea mota imeungua, inanuka kama ugali uliosahauliwa jikoni. Nikamwambia, "Mama, waya wa shaba umeniishia. Nipe siku nne, uko njiani kutoka Dar." Akageuka, akaitazama ile foleni. Malori yametoka Kolwezi, kule Kongo, yamejipanga mpaka macho yanachoka, kila moja na tani kama 30 za mabamba ya shaba chini ya turubai.

"Fundi," akasema, "na ile pale ni nini? Mahindi?"

Nimweleze vipi? Bamba lile, safi asilimia 99.99, limetoka Kongo, limepita mpaka wa Kasumbalesa, limeivuka Zambia, limelala hapa kusubiri mihuri, na bado lina kilomita zaidi ya 900 likapande meli Dar. China ndiyo inayotumia zaidi ya nusu ya shaba ya dunia, basi likifika huko linayeyushwa, linavutwa mpaka linakuwa waya mwembamba, linapakwa vanishi, linaviringishwa. Kisha hilooo, bandarini tena, Kariakoo, basi la usiku, Tunduma. Jirani yangu kazunguka dunia kuja kunigongea mlango, na nauli yote nalipa mimi!

Hapo tena uombe iwe shaba kweli. Roli la waya la mwezi uliopita nililikwangua kwa kisu nikaona weupe. Aluminiamu imevalishwa koti! Kumuuliza muuzaji, ati, "Hiyo gredi ya pili, fundi."

Ule waya ulioungua namuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Bwana yule ana mzani wa ndoano na simu yenye kioo kilichopasuka. Ukimwona tu anachungulia simu, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "London imeshuka." Kumbe kuna soko la metali huko, bei inapangwa hapo tangu 1877, na mgodi wa shaba mjini kwao sijausikia. Mei 2024 tani moja ikapita dola 10,000. Nikakimbia na kigunia changu. Akasema hiyo bei ya shaba safi, yangu ina masizi. Ila siku nikienda kununua waya, London haijawahi kushuka hata kwa bahati mbaya.

Jana jioni kashuka dereva kwenye foleni, kaja mbio. "Fundi, huna kipande cha waya? Taa ya nyuma imezima, na trafiki yuko mbele."

Nikachungulia mgongoni kwake. Tani 30. Nikamkatia nusu mita.

"Elfu mbili."

"Elfu mbili! Kwa hiki?"

Nikatoa simu, nikaitazama, nikatikisa kichwa.

"London imepanda, kaka."